Shajara ya mradi: kujifunza kusoma nyayo kwa wazee wa Kihadzabe, Bonde la Yaeda

Nimeongoza watalii kutoka Karatu kwa miaka tisa, na karibu muda wote huo nimekuwa nyuma ya usukani. Ndege wengi naweza kuwataja kwa majina bila kufungua kitabu, lakini siku moja mgeni aliponiuliza kama unyayo uliokuwa mbele ya gari ulikuwa wa asubuhi ile au wa jana, nilimjibu kwa kujiamini jambo ambalo sikulijua. Mradi huu umetokana na aibu hiyo. Lengo ni kujifunza kusoma nyayo kwa wazee waliowinda maisha yao yote, na kuandaa daftari ambalo waongozaji wenzangu na vijana wanaolinda wanyamapori wa kijiji wanaweza kulitumia. Mimi siwindi: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hainiruhusu kufanya hivyo bila leseni, wala sikuwa na haja. Makosa yangu nimeyaandika kwa urefu zaidi kuliko mafanikio, ili atakayerudia kazi hii asiyalipie mara ya pili.

3 Juni 2024: Ruhusa

Nimeanzia ofisi ya kijiji, kisha kambini. Wahadzabe wa bonde hili wana hatimiliki ya kimila ya pamoja tangu mwaka 2011, kwa hiyo mgeni anayetaka kutembea porini kwao anaomba ruhusa kwa wenye ardhi, hata kama ni Mtanzania kama wao. Nimechangia kijiji shilingi 100,000. Wazee watatu wamekubali: wanaume wawili, ambao humu nitawaita Babu Mkubwa na Babu Mfupi, pamoja na bibi mmoja aliyejiingiza mwenyewe kwa kusema kwamba wanawake huziona nyayo nyingi zaidi kwa sababu wao hutembea wakiangalia chini. Mimi wameniita Dereva. Jina hilo limebaki.

11 Juni: Dodoso lililoshindwa

Nilikuja na maswali 42 yaliyochapwa, kinasa sauti, na viti viwili vya plastiki. Niliuliza, “Mnatambuaje unyayo wa tandala?” Babu Mkubwa akajibu, “Tunautazama.” Nikauliza umri wa unyayo unajulikanaje, akajibu kwamba mpya ni mpya na wa zamani ni wa zamani. Hadi saa nne asubuhi nilikuwa nimejaza kurasa tatu ambazo hazimfai mtu yeyote, na Babu Mfupi alikuwa amelala.

Kosa halikuwa la lugha, maana wote wanazungumza Kiswahili vizuri, ingawa wao kwa wao huzungumza Kihadza. Kosa lilikuwa kudhani kwamba maarifa haya yamehifadhiwa kwa maneno na yanangoja kuulizwa. Watoto wa hapa hawafundishwi kwa kukalishwa: mvulana hupewa upinde mdogo akiwa bado hajaota meno yote, hushinda na wenzake wa rika tofauti wakifukuza ndege na panya, na hakuna mtu mzima anayemsimamia. Mzee ambaye hakuwahi kufundishwa kwa mdomo hawezi kuanza kufundisha kwa mdomo kwa sababu tu mimi nina kalamu. Viti nimevirudisha. Kuanzia kesho nitatembea nyuma yao na kunyamaza.

24 Juni: Malipo

Siku nane za mwanzo nilimpa Babu Mkubwa shilingi 60,000 kila jioni ili agawane na wenzake, shilingi 20,000 kwa kila mmoja. Niliona ndivyo heshima inavyotaka, kwamba mkubwa apokee. Siku ya tisa hakuna aliyetaka kutoka. Bibi alinieleza bila kuficha: hapa hakuna mkubwa wa kupokea kwa niaba ya mwingine, na fedha inayokabidhiwa mtu mmoja pembeni inamfanya adaiwe na kambi nzima usiku kucha. Nyama inayoingia kambini kila mtu anaiona ikigawiwa, lakini noti inaingia mfukoni.

Tulikaa wote chini ya mbuyu na kukubaliana upya. Kila mzee hulipwa mkononi mwake mbele ya watu, na kila ninapokuja huleta unga na sukari vya kambi nzima, vinavyogawiwa na akina mama. Gharama imeongezeka, lakini manung'uniko yamekwisha. Anayetaka kuiga mradi huu aanze na kikao hicho, asisubiri agomewe kama mimi.

30 Juni: Kiongozi-asali

Hili halikuwa katika mpango. Babu Mfupi alikuwa akipiga mluzi wakati tunatembea, kiongozi-asali mmoja, yaani ndege anayewaongoza watu hadi kwenye nyuki, akamjibu kwa mlio wake wa kuchachatika na kuanza kuruka kutoka mti hadi mti, na habari ya nyayo ikaishia hapo. Tulimfuata kwa karibu nusu saa hadi kwenye mbuyu wenye nyuki. Vijana waligongomea vigingi vya mti kwenye shina, wakapanda navyo wakiwa na kijinga chenye moshi.

Siku tatu zilizofuata nilijaribu mluzi huo peke yangu bila kumpata ndege hata mmoja, lakini kwa hilo siwezi kudai chochote, kwa kuwa ndege yeyote huchagua siku yake. Jaribio lililo makini zaidi ni lile lililotangazwa mwaka 2023 na watafiti Claire Spottiswoode na Brian Wood: ndege wa huku kwa Wahadzabe walikuwa na uwezekano wa kushirikiana zaidi ya mara tatu waliposikia mluzi wa wenyeji kuliko waliposikia mwito wa warina asali Wayao wa Niassa, Msumbiji, na ndege wa Niassa nao waliupendelea mwito wa Wayao. Nilipomsimulia Babu Mfupi aliuliza ni nani aliyelipia safari ya kwenda kuthibitisha kwamba ndege anajua lugha ya kwao.

9 Julai: Jipsamu

Nilitaka vielelezo vya nyayo vya kukaa darasani, kwa hiyo nilinunua unga wa jipsamu wa mafundi wa dari. Vielelezo sita vya kwanza viliharibika vyote. Vumbi la Yaeda ni laini mno, na uji wa jipsamu ukimiminwa moja kwa moja unabomoa kingo za unyayo kabla ya kuganda. Vilevile niliukoroga mzito kwa kuogopa kupoteza maji.

Dawa yake ni hii: zungushia unyayo ukanda wa kadibodi, nyunyizia maji kama ukungu kutoka kwenye chupa ya dawa ya maua mara tatu, ukiacha dakika kadhaa kila mara mpaka vumbi lishikamane, kisha mimina uji mwepesi kando ya unyayo ili uingie wenyewe polepole. Ngoja saa nzima kabla ya kuinua. Kwa njia hiyo nimepata vielelezo 11 vizuri, kikiwamo cha chui kinachoonyesha wazi ncha tatu za nyuma ya kitanga na kutokuwepo kwa kucha, tofauti na fisi ambaye kucha zake hujichora.

Wazee walivitazama kwa adabu. Babu Mkubwa alikigeuzageuza kile cha chui, akauliza, “Sasa huyu alikuwa anakwenda wapi?” Sikuwa na jibu, kwa sababu nilikuwa nimeuchukua unyayo mmoja na kuziacha nyingine 30 zilizoufuata. Vielelezo nitaendelea kuvitumia kufundishia maumbo, ila nimeacha kuvitengeneza.

20 Julai: Mbuzi

Asubuhi hii Babu Mkubwa aliniambia nitangulie. Nilikuta nyayo za kwato nilizozitambua mara moja kuwa za swala pala, nikazifuata kwa dakika 40, nikieleza kwa sauti ya chini jinsi mnyama alivyopunguza mwendo hapa na kula pale. Nyuma yangu kulikuwa na wazee watatu na mjukuu wa Bibi mwenye kama miaka 11, na hakuna aliyenipinga. Tulipopanda kilima kidogo tulikutana na kijana wa Kidatoga akichunga mbuzi.

Walicheka mpaka Babu Mfupi akakaa chini. Nilipouliza kwa nini hawakunizuia, Bibi alisema kwamba nilikuwa nafurahi sana. Halafu mjukuu alinirudisha nyuma hatua chache na kunionyesha kwa ncha ya mshale. Kwato za swala pala huishia kwa ncha kali na unyayo wake una umbo la moyo mwembamba. Za mbuzi ni butu mbele, na pande zake mbili mara nyingi zimeachana. Swala pala hupita mmoja nyuma ya mwingine au hutawanyika kila mmoja akiwa na njia yake, lakini hapa nyayo zilikuwa zimesongamana na kukanyagana kama watu wanaotoka mnadani. Zaidi ya hayo, tangu mwanzo kulikuwa na alama ya ndala ya matairi pembeni, ambayo macho yangu yaliiona na kuiacha kwa sababu haikuhusu swala pala.

Hilo la mwisho ndilo nililoliandika kwa wino mwekundu. Nilichagua mnyama kwanza, kisha nikaenda kumtafutia ushahidi. Wazee husimama mbele ya unyayo wa kwanza muda mrefu kuliko nilivyodhani inahitajika, na mara nyingi hawautaji mnyama mpaka wameona nyayo nne au tano.

14 Agosti: Umri wa unyayo

Mwezi mzima umekwenda kwa jambo hili moja, na ndilo gumu kuliko yote.

Jambo la kwanza nililojifunza ni mahali pa kusimama. Nilikuwa nikiufuata unyayo jua likiwa mgongoni, kama mtu anayepiga picha. Wazee huzunguka mpaka unyayo uwe kati yao na jua, kwa sababu hapo kivuli kinaijaza kila kona yake na hata ukingo uliobomoka unaonekana. Asubuhi na jioni jua likiwa chini, ardhi inasomeka. Saa sita mchana inakuwa kama karatasi tupu, na huo ndio wakati wanaokaa kivulini kunyoosha mishale. Babu Mfupi huupitisha mti mbichi wa mshale juu ya makaa, anaung'ata mahali ulipopinda, anaukaza kwa meno na mikono miwili, anafumba jicho moja na kuutazama kwa urefu wake, anaurudisha motoni. Mshale mmoja unaweza kupita mdomoni mara 20. Nyayo zitangoja jioni.

Kuhusu umri wenyewe, nilitengeneza uwanja wa majaribio kambini: eneo la hatua mbili kwa mbili, lililosafishwa, ambamo kila baada ya saa tatu nilikandamiza kwato ya mbuzi niliyoinunua buchani kwa shilingi 1,000, na kuandika saa kando. Jaribio lilikosewa mara mbili. Kwanza niliuweka uwanja chini ya mgunga, mahali pasipofikiwa na upepo wala jua la moja kwa moja, kwa hiyo nyayo za juzi zilibaki kama za leo na kunifundisha uongo. Pili, Babu Mkubwa aliinama akasema, “Huyu hana uzito, wala hana haraka.” Mnyama hai akitembea hurusha vumbi mbele ya unyayo na kutanua kwato pale anapoelemea, lakini mkono wangu ulikuwa ukigonga muhuri tu. Niliuhamishia uwanja mahali pa wazi, nikamkodi mbuzi hai kwa jirani wa Kidatoga kwa shilingi 5,000, tukampitisha asubuhi, mchana na usiku kwa siku tatu.

Baada ya hapo nilianza kuona. Unyayo wa saa moja au mbili una kingo kali, na vumbi lililorushwa bado limekaa juu kama unga uliochekechwa. Upepo wa alasiri hulainisha kingo na kuangusha punje chini ya shimo. Usiku ndio wenye saini iliyo wazi zaidi: mende na wadudu wengine hutembea gizani na kuacha vijistari kama mshono, kwa hiyo mshono ukipita juu ya unyayo, mnyama alipita kabla ya wadudu kutoka, na unyayo ukikata mshono, mnyama alikuja baadaye. Kinyesi nacho hupasuliwa, maana huanza kukauka kwa nje ilhali ndani bado kibichi. Hata mkojo unasomeka: wa dume huanguka kati ya nyayo za mbele na za nyuma, wa jike huanguka kwenye nyayo za nyuma au nyuma yake. Hakuna hata moja kati ya alama hizi inayotosha peke yake, na wazee hawakuwahi kunitajia alama moja bila kunionyesha nyingine inayoipinga au kuikubali.

6 Septemba: Kamera kisimani

Nilitaka kujua kama wazee wako sahihi kweli, au ni mimi tu ninayewaamini kwa sababu ya mvi zao. Kipindi hiki cha kiangazi kikali wanyama hukusanyika kwenye visima vichache vilivyobaki, na ndiyo maana wawindaji wa hapa huvizia majini usiku. Nilifunga kamera mbili zinazojipiga zenyewe kwenye kisima ambacho wazee walisema hakitaviziwa wiki ile. Kila alfajiri Babu Mkubwa alisoma nyayo kwanza, nami nikaandika usomaji wangu bila kumsikiliza, ndipo tukafungua kadi.

Usiku wa kwanza fisi alitafuna mkanda wa kamera moja na kuivunja kioo. Shilingi 260,000 zilikwenda hivyo. Nilikuwa nimeifunga usawa wa goti, na mikono iliyoigusa ilikuwa imetoka kula nyama ya kuchoma. Ile ya pili niliipandisha juu ya kichwa na kuielekeza chini, ikasalimika.

Katika mapito 17 yaliyonaswa, Babu Mkubwa alitaja mnyama kwa usahihi mara zote 17, na sehemu ya usiku (mapema, katikati au alfajiri) mara 13. Mara moja alisema digidigi wawili, kamera ikaonyesha mmoja aliyepita mara mbili. Mimi nilipata mnyama mara 11 na wakati mara 5. Kwa kuwa nafasi za wakati ni tatu tu, mtu anayebahatisha angepata kama hizo zangu, kwa hiyo kwa upande wa wakati sikuwa nimejifunza kitu. Hilo lilinirudisha kwenye uwanja wa mbuzi kwa wiki mbili zaidi.

28 Septemba: Baada ya mshale

Kijana mmoja wa kambi alimchoma swala pala jioni. Kila mtu wa mjini angekimbia kumfuata, na kijana mwenyewe alitaka. Babu Mkubwa alikwenda mpaka mahali mnyama alipochomwa, akautazama mchanga kwa muda, akaokota kipande cha mti wa mshale kilichovunjika, kisha akaamua warudi kambini mpaka alfajiri. Mnyama anayefukuzwa hukimbia mbali, asiyefukuzwa hulala karibu. Babu Mfupi hakukubaliana naye: kwa maoni yake fisi walikuwa wengi mno upande ule, na ilifaa wafuate kidogo kabla ya giza. Walibishana bila kupaza sauti, na hakuna aliyemwamuru mwenzake.

Alfajiri tuliruhusiwa kufuata nyuma. Nyayo za mbele zilianza kukwama na kuburuta baada ya hatua kama 200, na tulimkuta ndani ya kichaka kilekile ambacho Babu Mkubwa alikionyesha kwa kidevu jioni iliyopita. Nusu ya nyuma ilikuwa imeliwa na fisi. Kwa hiyo wote wawili walikuwa sahihi, na kambi ilipata nusu ya nyama. Hasara ya namna hii si ndogo: Kristen Hawkes na wenzake, waliofanya utafiti kwa Wahadzabe miaka ya 1980, walikadiria kwamba mwindaji mmoja hupata mnyama mkubwa takriban mara moja katika siku 30 za kuwinda.

Wengi wataniuliza kuhusu sumu ya mishale. Nilionyeshwa, lakini sikuandika wala kupiga picha, na haimo katika daftari. Vivyo hivyo nyama ya epeme, yaani sehemu za mnyama mkubwa ambazo kwa mila ni za wanaume walioingizwa katika desturi hiyo tu: nilipoambiwa niondoke niliondoka.

2 Novemba: Jaribio la mwisho

Leo ni Jumamosi, kwa hiyo mjukuu wa Bibi hana shule. Bibi alichagua nyayo 20 katika njia ya saa mbili, Babu Mfupi akawa mwamuzi. Nilitambua mnyama mara 16 na wakati mara 12. Vijana wawili walinzi wa kijiji, waliotumia rasimu ya daftari kwa wiki tatu, walipata 13 na 14 kwa mnyama. Mjukuu alipata 19 na kulalamikia ile ya ishirini, akidai Bibi alikuwa ameikanyaga kwa makusudi.

Kuna utafiti wa Nicholas Blurton Jones na Frank Marlowe wa mwaka 2002 ulioonyesha kwamba Wahadzabe waliopotezewa miaka ya mazoezi na shule ya bweni hawakuwa wabaya zaidi katika kulenga shabaha au kuchimba mizizi. Shabaha ni shabaha, na sina sababu ya kuwapinga. Ila katika nyayo, nilichokiona ni kwamba mtoto huyu anayetembea na bibi yake kila Jumamosi ananishinda mimi niliyelipa.

24 Novemba: Mvua na hesabu

Mvua imefuta kila kitu. Ardhi niliyojifunza kuisoma ni ya vumbi. Hii ya tope ina kingo zinazovimba badala ya kumomonyoka, na kanuni zangu za umri hazifanyi kazi tena. Daftari lina kurasa 48, wanyama 14, na kila ukurasa umesomwa kwa sauti mbele ya wazee na kusahihishwa. Ukurasa wa swala pala una mchoro wa mbuzi kando yake.

Bajeti ilikuwa shilingi 1,500,000. Matumizi halisi ni haya: malipo ya wazee watatu kwa siku 24, 1,440,000, kamera mbili, 520,000, mafuta na matengenezo ya pikipiki, 410,000, chakula cha kambi, 385,000, mchango wa kijiji, 100,000, jipsamu na kadibodi, 38,000, kwato, mbuzi, betri na madaftari, 67,000. Jumla ni 2,960,000. Atakayeruka jipsamu na kuifunga kamera juu tangu siku ya kwanza ataokoa karibu 300,000, na atakayeacha dodoso ataokoa wiki nzima.

Awamu ya tope itaanza Januari. Wazee wamekubali kwa malipo yaleyale, na Babu Mfupi ameagiza misumari ya inchi sita, mingi, kwa ajili ya kufua vigumba vya mishale.